UZI: Type 209, nyambizi ambayo Wajerumani waliiunda, hawakuitumia hata moja, wakaziuzia nchi 14

#1 Baharia wa Chumbageni

Wakuu, salaam.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana kwenye meli ya mizigo, tumetia nanga nje ya Piraeus, Ugiriki, tunasubiri nafasi ya gati. Alfajiri niko zamu, nikaona kitu cheusi kinakata maji kuelekea kisiwa cha Salamis. Hakina kelele, hakina mlingoti, kama mgongo wa nyangumi uliosimamishiwa kibanda. Juu ya kibanda watu wanne wamevaa makoti. Mhandisi wetu wa pili, Mgiriki, akaniambia: hiyo imetoka Kiel, Ujerumani, na sisi ndio tulikuwa wa kwanza kuinunua. Kisha akaongeza neno ambalo sijalisahau, kwamba Wajerumani wenyewe hawana hata moja ya aina hiyo.

Ni kweli. Aliyeisanifu ni Ulrich Gabler, mtu aliyekuwa mhandisi ndani ya nyambizi wakati wa Vita Kuu ya Pili, baadaye akafungua ofisi yake ya usanifu, IKL, mjini Lübeck. Ujenzi ukafanywa na kiwanda cha HDW pale Kiel. Ujerumani Magharibi ilikuwa inaitazama Bahari ya Baltiki, maji yenye kina kifupi, halafu baada ya vita iliwekewa mipaka ya ukubwa wa nyambizi zake. Jeshi lake likabaki na nyambizi ndogo, Type 205 na 206. Lakini miaka ya 1960 ikielekea kwisha, nchi nyingi zilikuwa na nyambizi za Kimarekani zilizobaki tangu vita, zimechoka kabisa. Zilitaka kitu kipya, kisicho kikubwa, cha bei wanayoimudu, kinachoweza kuvuka bahari kuu. Hapo ndipo 209 ilipozaliwa.

Ugiriki ikapokea Glavkos mwaka 1971. Wakafuata Argentina, Peru, Kolombia, Uturuki, Venezuela, Ekwado, Indonesia, Chile, India, Brazil, Korea Kusini, Afrika Kusini, na mwisho Misri. Nyambizi zaidi ya 60. Ukiona zimeandikwa 209/1100, 209/1200 hadi 209/1500, namba ya nyuma ni makadirio ya tani. Glavkos ina urefu wa mita 54, za India zinafika 64. Kila mteja aliongezewa alichotaka, ila mifupa ni ile ile: rafadha moja nyuma, mabomba manane ya topido mbele, topido 14, na watu 30 hadi 40 ndani.

Nimezifuatilia karibu miaka 40 na nina hoja moja. Nyambizi ile ile, kiwanda kile kile, lakini waliojifunza kuilea wamefika mbali, na walioacha ujuzi ukapoa wamerudi mwanzo. Nitashusha kidogo kidogo, nivumilieni, naandika kwa simu.

#2 Kijana wa Mbagala

Nimekaa kiti cha mbele mzee wangu. Ila naomba uanzie chini kabisa. Hiyo injini ya dizeli inawakaje chini ya maji wakati hakuna hewa?

#3 Baharia wa Chumbageni

Haiwaki, mwanangu. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Ikiwa chini, 209 inakwenda kwa betri peke yake. Umeme wa betri unazungusha mota kubwa moja, na mota inazungusha rafadha. Ndiyo maana haina kelele: hakuna kinacholipuka ndani yake. Betri hizo ni za risasi na asidi, ndugu wa betri ya gari lako, isipokuwa ziko seli 480 kwa makundi manne ya seli 120, na uzito wake ni karibu robo ya uzito wa chombo chote. Ukienda taratibu, mwendo wa mtu anayetembea haraka, unaweza kukaa chini siku tatu au nne. Ukifungulia mwendo wa mwisho, kama kilomita 40 kwa saa, baada ya saa moja hivi betri zimekwisha na wewe ni windo.

Zikipungua, nahodha anapanda karibu na uso wa maji na kuchomoza bomba la kuvutia hewa. Hapo injini nne za dizeli zinawashwa kuendesha jenereta, betri zinajazwa. Bomba lile lina kilango juu, wimbi likilifunika kinajifunga maji yasiingie. Sasa fikiria: kilango kimefungwa, injini hazijui, zinaendelea kunyonya hewa. Zinanyonya hewa ya ndani, wanayovuta watu. Masikio yanaziba, yanauma, kisha kilango kinafunguka na hewa inarudi kwa kishindo. Bahari ikichafuka, hayo yanajirudia usiku kucha. Na muda wote huo dizeli zinanguruma na kichwa cha bomba kinaweza kuonekana kwenye rada. Maisha yote ya nyambizi ya dizeli ni hesabu hiyo: lini nipande kujaza, na nani ananisikiliza.

#4 Fundi Betri

Mkuu umegusa kazi yangu. Mimi si mwanajeshi, nina miaka 19 kwenye betri za viwanda na za meli ndogo. Watu wanadhani betri ni boksi, unaliweka unalisahau.

Seli ya risasi ukiijaza inatoa gesi ya haidrojeni. Haina harufu, haina rangi. Kwenye nyambizi chumba cha betri kiko chini ya sakafu wanayoikanyaga watu, wanakula na kulala juu yake. Feni za kutoa hewa zikizembewa, gesi inajikusanya, inasubiri cheche. Na maji ya bahari yakiingia kwenye seli, inatoka klorini, sumu ya mapafu.

Niseme lililonipata. Mwaka 2011 nilikuwa kibarua kwenye kampuni moja, siitaji. Chumba cha betri kilikuwa cha seli 60 tu. Feni ilikuwa imekufa wiki ya pili, tumeandika ripoti mara mbili, tukaambiwa fedha haijatoka. Mwenzangu akaingia kukaza nati, spana ikamponyoka ikalala juu ya vichwa viwili vya betri. Nilisikia kama mlango umebamizwa, halafu sikusikia kitu tena siku mbili. Kifuniko cha seli kilikuwa kimeruka hadi darini. Mwenzangu alinawishwa macho kwa maji ya ndoo muda mrefu, Mungu akamnusuru.

Ile ilikuwa seli 60 kwenye chumba chenye mlango unaofunguka kwenda nje. Nikisoma habari za seli 480 kwenye bomba la chuma lililofungwa, na mtu anapita na haidromita, kile kipimo cha asidi ya betri, anapima moja moja, anaandika, anaongeza maji ya betri, na nyingine ikianza kudhoofika anaijua kwa namba yake, nasimama namheshimu mtu huyo. Yeye ndiye anayewarudisha nyumbani.

#5 Jicho la Mwewe

Sawa wazee, lakini tuseme ukweli. Hizi si ndizo zinazozama? Argentina 2017 watu 44 walikufa. Indonesia 2021 watu 53. Kitu kinachoua watu wake mnakisifia nini?

#6 Baharia wa Chumbageni

Jicho la Mwewe, swali lako halali, ila tusizichanganye. San Juan ya Argentina, iliyopotea Novemba 2017, haikuwa 209. Ilikuwa TR-1700, kubwa zaidi, iliyojengwa Emden na kiwanda kingine.

KRI Nanggala ya Indonesia ndiyo 209, aina ya 1300. Ilijengwa Kiel, ikapokewa 1981. Tarehe 21 Aprili 2021, usiku wa kuamkia alfajiri, kaskazini mwa Bali, iliomba ruhusa kupiga mbizi kwa mazoezi ya topido. Ikapewa. Haikujibu tena. Dunia ikahesabu saa 72 za hewa. Siku ya nne ikaonekana kwenye sakafu ya bahari, kina cha mita 838, imevunjika vipande vitatu. Chombo kilichosanifiwa kwa mita mia chache hakina namna ya kunusurika huko. Ganda linabonyezwa kwa mara moja.

Jeshi lao lilitoa video iliyorekodiwa wiki chache kabla, mabaharia wale wamebanana kwenye nafasi ndogo, mmoja anapiga gitaa, wanaimba wimbo wa kuagana, wanacheka. Niliitazama mara moja. Sitairudia.

Ilikuwa na umri wa miaka 40. Iliwahi kufanyiwa matengenezo makubwa Korea Kusini, yaliyokwisha 2012. Kwa hiyo siwezi kusema usanifu wa Gabler ndio ulioua. Nyambizi 60 na ushee zimepiga mbizi kwa miaka 50 na hii ndiyo iliyopotea ikiwa kazini pamoja na watu wake. Ila siwezi pia kusema umri haukuwa na kitu. Chuma kinachobonyezwa na kuachiwa, kubonyezwa na kuachiwa, kinachoka.

#7 Kijana wa Mbagala

Dah, Mungu awarehemu. Mzee, hizi zimewahi kupigana vita kweli, au ni za gwaride tu?

#8 Baharia wa Chumbageni

Imepigana moja, na kisa chake kinanikaa rohoni kuliko vyote.

ARA San Luis ya Argentina, 209/1200, vita vya Argentina na Uingereza kugombea visiwa vya Falkland mwaka 1982. Pacha wake Salta hakwenda vitani. San Luis ikaondoka Aprili na kamanda Fernando Azcueta. Ganda limeota chaza, kwa hiyo mwendo umepungua. Injini moja ya dizeli kati ya nne haifanyi kazi. Kisha ikiwa baharini, kompyuta ya kulengea topido ikafa. Kuanzia hapo walilazimika kupiga hesabu kwa mkono, na badala ya kuongoza topido kadhaa kwa pamoja waliweza moja tu.

Mei Mosi wakasikia meli za Uingereza, wakarusha topido moja. Topido hizo, SST-4, zinaongozwa kwa waya mwembamba unaojikunjua nyuma yake. Waya ukakatika. Waingereza wakawawinda kwa saa nyingi, helikopta zinadondosha mabomu yanayolipuka chini ya maji, San Luis imelala kimya kwenye sakafu ya bahari. Usiku wa Mei 10 kuamkia 11, karibu na mlango wa kaskazini wa mlangobahari wa Falkland, wakapata shabaha nyingine: manowari za Uingereza HMS Arrow na HMS Alacrity. Bomba moja likakataa kurusha. Jingine likarusha, wakasikia kama kitu kimegongwa, lakini hakuna mlipuko. Baadaye Arrow ilipovuta chambo chake cha kelele kinachoburutwa nyuma ya meli, kilikuwa kimeharibika.

Tazama mambo mawili hapo. Chombo kidogo, kibovu nusu, kilikaa wiki kadhaa katikati ya jeshi la maji lenye uzoefu mkubwa wa kuwinda nyambizi, na halikukipata. Waingereza walimaliza silaha nyingi wakipiga kelele za nyangumi na mabaki ya meli. Usanifu ulifanya kazi yake. Lakini hakuna topido iliyolipukia meli. Kwenye kompyuta, kwenye waya, kwenye mabomba, kwenye mazoezi ambayo hayakutosha, pote pale penye mkono wa fundi na siku za kujinoa, ndipo vita yao ilipokwama. Azcueta na watu wake walirudi hai, na kwangu mimi hawana deni.

#9 Jicho la Mwewe

Hapo nimekuelewa mzee. Nilikuwa nimesoma kwamba San Luis ilishindwa tu, sikujua kompyuta iliifia baharini. Sasa ile hoja yako ya kulea na kupoa bado hujaithibitisha.

#10 Baharia wa Chumbageni

Naithibitisha kwa Korea Kusini na India. Zilianza kwa njia karibu sawa.

India ilisaini mwaka 1981 kununua nne za aina ya 1500, kubwa kuliko zote, zenye kitu ambacho 209 za wengine hazina: chumba cha mviringo cha kujiokoa, mabaharia wote wanaingia, wanajifungia, kinaachia na kuelea juu. Mbili zikajengwa Kiel, zikaingia kazini 1986. Mbili zikajengwa Mumbai, kiwanda cha Mazagon, na mafundi waliofunzwa. Ikawa ngumu, lakini Shalki ikatoka 1992 na Shankul 1994. Katikati hapo, 1987, ikalipuka kashfa ya madai ya kamisheni kwenye mkataba. Mpango wa kuongeza nyingine ukafutwa. Kiwanda kikabaki na mashine, vibali, na watu waliojua kulehemu ganda la nyambizi, bila nyambizi ya kulehemu. Nyambizi iliyofuata kuingia kazini kutoka kiwanda hicho ni Kalvari, Desemba 2017, tena kwa usanifu wa Kifaransa na kujifunza upya. Miaka 23. Fundi aliyekuwa na miaka 35 wakati wa Shankul alikuwa na 58.

Korea wao walianza baadaye. Ya kwanza, Chang Bogo, jina la jemadari wa bahari wa karne ya 9, ilijengwa Kiel na kuingia kazini 1993. Nane zilizofuata zikajengwa kwao, kiwanda cha Daewoo, kwenye kisiwa cha Geoje, mfululizo hadi 2001. Hawakusimama. Wakaenda kwenye Type 214, nyambizi mpya zaidi ya Kijerumani. Halafu Desemba 2011 Korea, mwanafunzi wa jana, ikasaini kuiuzia Indonesia nyambizi tatu zilizotokana na 209 ile ile! Nagapasa ikapokewa 2017, na ya tatu, Alugoro, ikaunganishwa Surabaya kwa mikono ya Waindonesia. Mwaka 2021 Korea ikaingiza kazini Dosan Ahn Changho, nyambizi yao wenyewe ya tani 3,000.

Wahindi si wajinga na Wakorea si malaika. Tofauti ni kwamba upande mmoja kazi haikukatika.

#11 Binti Pangani

Shikamoo Baharia. Nimeusoma uzi wote nikiwa kwenye treni, nikaona niseme nilichonacho.

Naishi Cape Town mwaka wa tisa. Ukipanda treni hadi Simon's Town, reli inakwenda kando kabisa ya maji, na mwisho wake ni mji wa wanamaji. Nyambizi za Afrika Kusini zinakaa hapo, tatu, 209/1400. Siku moja nimesimama barabara ya juu nikaiona moja inaingia. Nilidhani itakuwa kubwa. Mita 62, nusu ya uwanja wa mpira na kidogo. Mabaharia wamejipanga kwenye mgongo wake wamevaa maboya ya kujiokolea, na mgongo wenyewe hauna ukingo, ni chuma kilichopinda kinateremka moja kwa moja majini.

Kilichonipeleka kuzipenda ni majina. Zilizotangulia, za Kifaransa aina ya Daphné zilizonunuliwa wakati wa makaburu, ziliitwa kwa majina ya wanawake weupe, mojawapo Maria van Riebeeck. Mwaka 1999 wakazibadilisha: Spear, Umkhonto, Assegaai. Hizi mpya zilizopokewa kati ya 2005 na 2008 zina majina ya wanawake weusi. Manthatisi, malkia aliyewaongoza Batlokwa. Charlotte Maxeke, mwanamke mweusi wa kwanza wa nchi hii kupata shahada ya sayansi, akapigana na sheria za pasi, vile vitambulisho walivyolazimishwa weusi kutembea navyo. Na Modjadji, Malkia wa Mvua wa Balobedu.

Septemba 2007 Manthatisi ilifanya mazoezi na meli za NATO hapa Cape, ikapenya ulinzi wao na kuzihesabia zote zimezama. Watu hapa bado wanasimulia. Halafu betri zake zikapata matatizo, ikakaa bandarini miaka kadhaa. Fundi Betri ameshaeleza kwa nini.

Na tarehe 20 Septemba 2023, karibu na Kommetjie, Manthatisi ikiwa juu ya maji, helikopta inashusha mizigo, mawimbi makubwa yakawafagia watu saba kutoka kwenye ule mgongo. Watatu wakafa. Mmoja ni Luteni Kamanda Gillian Hector, mwanamke wa kwanza Afrika kuwa afisa wa kuongoza njia ya nyambizi. Nilikuwa kazini, redio ikasema. Mama mmoja wa Kixhosa tunayefanya naye kazi akaweka kikombe chini akasema kwa sauti ndogo, bahari haina adabu. Tulikaa kimya mpaka zamu ikaisha.

#12 Baharia wa Chumbageni

Marahaba binti yangu. Poleni huko. Mimi nimetembea kwenye sitaha zenye kingo maisha yangu yote na nimeona wimbi likichukua mtu. Kwenye mgongo usio na ukingo sijui ningesema nini.

#13 Kijana wa Mbagala

Sasa mzee, swali la mwisho. Misri wamechukua nne, ya kwanza imefika Aleksandria 2017 na ya mwisho 2021. Afrika Kusini wanazo tatu. Sisi na Kenya tuna pwani ndefu namna hii na hatuna hata moja. Tununue?

#14 Baharia wa Chumbageni

Nitakujibu bila kuzunguka: hapana, si kwanza. Peru wanazo tangu miaka ya 1970, na hivi karibuni kwenye bandari yao ya Callao wameikata moja katikati, vipande viwili, wakatoa vilivyochakaa, wakaingiza vipya na kuilehemu tena. Nchi inayoweza kukata ganda la nyambizi na kuliunganisha likashikilia kina kile, hiyo ina nyambizi. Isiyoweza ina deni lililofungwa gatini.

Sisi tuanze na machelezo. Tuanze na boti za doria ambazo tunazitengeneza wenyewe hadi boliti ya mwisho, na mafundi wa kulehemu wanaopimwa kwa eksirei kila mshono. Tuwe na watu 30 ambao kazi yao ni kusikiliza bahari yetu kwa sona, mkondo wa Pemba unavyopiga, nyangumi wanavyopita. Hilo ni la miaka 15. Baada ya hapo ukiniuliza tena, kama nipo, nitakujibu vingine.

#15 Kijana wa Mbagala

Mimi niko mwaka wa pili chuo, umeme wa meli. Nilitaka kuacha niende kwenye mambo ya kompyuta kwa sababu naona mabetri na majenereta ni kazi ya zamani. Nimesoma maelezo ya Fundi Betri mara tatu.

#16 Fundi Betri

Usiache mdogo wangu. Ukifunga chuo Julai panda basi uje Tanga. Nina benki ya seli 48 inaingia kwenye matengenezo, zote zinapimwa moja moja, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili. Haidromita ninayo ya ziada. Wewe njoo na daftari, viatu vya mpira, na miwani ya kukinga macho.